Utafiti upi, Mheshimiwa?

"Utafiti umeonyesha." Waziri akishasema hivyo kwenye kipaza sauti, makofi yanapigwa na mjadala umekwisha. Utafiti upi? Wa nani? Ulifanyiwa wapi? Hakuna anayeuliza, hata wanahabari waliokaa safu ya mbele.

Chukueni ahadi ya serikali yetu ya Kenya ya 2013 ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilifutwa, mradi ukageuzwa kuwa wa tableti, vifaa vikaanza kufika shuleni 2016. Na ushahidi ulikuwepo hapa hapa nyumbani. PRIMR, mradi wa majaribio wa kufundisha kusoma na hesabu uliokuwa chini ya Wizara ya Elimu yenyewe, ulipima teknolojia Kisumu. Kanda za shule ziligawanywa kwa kura: huku tableti wapewe washauri wanaotembelea walimu, kule wapewe walimu, kwingine wanafunzi wapewe visomaji vya kielektroniki. Watoto wa makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko wale ambao shule zao hazikupewa chochote. Ila walipolinganishwa na PRIMR ya kawaida isiyo na vifaa hivyo, yaani kitabu kwa kila mtoto, mwongozo wa mwalimu na mshauri anayeingia darasani, hapakuwa na tofauti ya maana. Kilichopanda ni gharama. Na gharama hiyo hupanda zaidi kadiri kifaa kinavyosogezwa kwa mtoto, kwa sababu mshauri mmoja hubeba shule nyingi, ilhali mtoto hubeba chake peke yake. Hesabu hiyo haihitaji profesa. Lakini mwongozo wa mwalimu haupigwi picha ukapendeza kwenye bango la kampeni, sivyo?

Haya, niwape haki yao: 2015 wizara hiyo hiyo ilianzisha Tusome, mpango wa kufundisha watoto wa madarasa ya chini kusoma, nchi nzima kwa kufuata matokeo ya PRIMR. Kwa hiyo kusoma ripoti wanajua. Husoma zile zisizogusa ahadi ya mkubwa.

Dawa ni kuwaandikia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, na hulazimiki kueleza unaitakia nini habari hiyo. Wengi hukosea kwa kuomba "taarifa zote kuhusu mradi". Ofisa hupata mwanya wa kusema ombi halieleweki. Omba hati tatu kwa majina: ripoti ya majaribio, makadirio ya gharama kwa kila mwanafunzi, na njia mbadala zilizofikiriwa zikaachwa. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, maana siku 21 huhesabiwa kuanzia hapo. Wanaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Wakikunyima, una siku 30 za kwenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala.

Kanuni za mawaziri zina mlango wao: zikibebesha watu gharama kubwa, Sheria ya 2013 ya hati za kisheria inadai taarifa inayoeleza athari za kanuni hizo. Idai.

Jibu likiwa "hatuna hati hiyo", usilitupe. Tengeneza nakala, uipeleke kwa wanachama wa Kamati ya Elimu. Makadirio ya bajeti hufika Bungeni kufikia 30 Aprili na kamati huyapitia Mei. Hesabu kurudi nyuma kutoka hapo siku zote hizo nilizotaja, utaona barua inapaswa kutoka Februari. Ya Juni hupokelewa vizuri sana, ikafunguliwa faili, na pesa zimeshapitishwa.