Kikosi kikizeeka, ni lazima tuburuze mkia ndo tujengwe upya?

Timu yoyote ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ambayo mastaa wake wameshavuka miaka 33, 34 hivi lazima isikie maneno yaleyale. Vunja kila kitu, uza wazee wote, buruza mkia misimu miwili mitatu, okota dogo mmoja mkali kwenye drafti (ule usiku timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, mbovu zikipewa nafasi ya mbele) halafu anza upya. Ukisema jamani subirini kwanza unaonekana shabiki wa mapenzi tu ambaye hataki kukubali kwamba umri umefika. Mi naona kuna vitu viwili watu wanavichanganya hapa: kuuza mkongwe mapema ni kitu kimoja, kufungwa makusudi ni kitu kingine kabisa, na unaweza kufanya cha kwanza bila kugusa cha pili.

Ila tuwape haki yao wanaotaka kuvunja, maana hoja yao ina uzito. Kikapu ni watu watano tu uwanjani, mchezaji mmoja mkubwa anabeba timu kuliko mchezo mwingine wowote wa timu ninaoujua, na wengi wa hao wakubwa wanachukuliwa juu kabisa kwenye drafti. Tim Duncan alikuja San Antonio 1997 baada ya msimu ambao timu ilishinda mechi 20 tu David Robinson akiwa majeruhi. Wembanyama naye alikuja palepale 2023 baada ya ushindi 22. Sasa angalia wanaogoma kuvunja wanaishia wapi, chukua Chicago: ushindi 40, kisha 39, kisha 39 tena, na misimu yote hiyo mitatu, 2023, 2024 na 2025, wametolewa na Miami ileile kwenye mechi za mchujo kabla hata mtoano wenyewe haujaanza. Hapo huna ubingwa, huna dogo wa maana, una jezi nzuri tu. Halafu kuna Lakers ya Kobe, alikatika mshipa wa kisigino Aprili 2013, Novemba mwaka huohuo akiwa hajarudi hata uwanjani akapewa mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 48.5, na zilizofuata ni misimu ya ushindi 27, 21 na 17. Kwa hiyo mtu akikwambia mapenzi kwa wazee yanaua timu, ana mifano yake ya kweli.

Shida yangu inaanza pale wanaposema dawa ni kushika mkia. Hebu tuangalie namba moja tu ambayo naona haizungumzwi inavyostahili, asilimia 47.9. Zamani timu mbovu kuliko zote ilikuwa na asilimia 25 ya kupata chaguo la kwanza, ila kuanzia bahati nasibu ya 2019 (droo inayopanga nani achague kwanza kwenye drafti) sheria ilibadilika na timu tatu za chini zote zikapewa asilimia 14 sawasawa. Yaani ukiwa wa mwisho kabisa huna faida yoyote ya chaguo la kwanza juu ya wa tatu kutoka mwisho. Na ile 47.9 ndo uwezekano wa timu ya mwisho kuangukia chaguo la tano. Karibu nusu! Umefungwa msimu mzima, mashabiki wamekimbia, kocha amechanganyikiwa, halafu karibu nusu ya mara zote unapewa namba tano.

Na wala siyo hesabu ya kwenye karatasi tu, imetokea, tena mfululizo. Detroit 2023 ushindi 17, wa mwisho kwenye ligi, wakapata namba tano. Detroit 2024 ushindi 14, msimu ambao walifungwa mechi 28 mfululizo, namba tano tena. Utah 2025 ushindi 17, namba tano. Washington mwaka huohuo walishinda 18 wakaangukia namba sita. Nani alipata chaguo la kwanza 2025 akamchukua Cooper Flagg? Dallas, waliokuwa na asilimia 1.8 tu, na mwaka mmoja kabla yake Atlanta walilipata wakiwa na asilimia 3. Toka 2019 mpaka 2025 ni drafti saba, na hakuna hata moja ambayo timu ya mwisho kwenye msimamo ilipata chaguo la kwanza. Saba! Mtu anayetaka timu yenye wakongwe watatu wenye thamani ivunjwe ili ikatafute ile asilimia 14 anatakiwa kwanza atujibu hapo.

Halafu tuseme umelipata hilo chaguo la juu, bado kazi haijaisha. Philadelphia walishinda 19, 18, na 10, wakapata Embiid, wakapata Simmons, wakapata Fultz, na mpaka msimu wa 2024-25 unaisha walikuwa hawajawahi kufika fainali ya kanda toka 2001. Sacramento walikaa misimu 16 bila kuona mtoano, rekodi ya ligi nzima, na 2018 wakiwa na chaguo la pili walimchukua Marvin Bagley, Dončić akaenda namba tatu. Walichokuja kuvunjia huo mkosi 2023 ilikuwa ni tredi (timu kubadilishana wachezaji) ya Sabonis aliyekuja akiwa na miaka 25, akacheza na De'Aaron Fox ambaye alikuwa chaguo la tano. Kufungwa kunazoeleka, hili watu wanalichukulia poa sana. Dogo wa miaka 19 anayeingia kwenye timu isiyo na mkongwe hata mmoja wa kumwonesha jinsi ya kujilinda mwili, jinsi ya kusoma ulinzi, hata jinsi ya kula na kulala, anajifunza kufungwa, na hiyo inachukua miaka kuiondoa.

Sasa tuje kwa Boston maana kila mtu anayetaka kuvunja anaitaja Boston. Ni kweli, Juni 2013 walikubaliana na Brooklyn kuwapa Paul Pierce akiwa na miaka 35 na Kevin Garnett akiwa na 37, pamoja na Jason Terry, wakachukua machaguo ya raundi ya kwanza ya 2014, 2016 na 2018 na haki ya kubadilishana nao chaguo la 2017. Watu waliumia sana, Pierce alikuwa roho ya timu ile. Lakini jiulize, nani alifungwa? Brooklyn! Boston walikuwa vibaya msimu mmoja tu, ushindi 25, halafu 40, halafu 48, halafu 53, wanapanda kila mwaka wakati Brooklyn wanaporomoka mpaka ushindi 20 msimu wa 2016-17. Chaguo la Brooklyn la 2016 likawa Jaylen Brown namba tatu. La 2017 likawa namba moja, Boston wakashuka mpaka tatu kwa tredi na Philadelphia wakamchukua Jayson Tatum. Hao wawili ndo walioubeba ubingwa wa 2024. Huo siyo mfano wa kufungwa makusudi hata kidogo, ni mfano wa kuuza mkongwe siku ambayo kuna mtu bado anaamini ana ubingwa ndani yake. Thamani ya mkongwe ni barafu juani, ukichelewa mwaka mmoja tu unabaki na maji mkononi.

Oklahoma City nao walifanya hivyohivyo 2019, walimtoa Paul George kwenda Clippers wakarudi na Shai Gilgeous-Alexander na machaguo matano ya raundi ya kwanza, na moja kati ya hayo likaja kuwa Jalen Williams namba 12 mwaka 2022. Bingwa 2025, Shai MVP, yaani mchezaji bora wa msimu. Ni kweli hawa walishika mkia kidogo pia, Chet Holmgren alitoka kwenye msimu wao wa ushindi 24, sitaki kuficha hilo. Ila msingi ulitoka kwenye tredi ya mtu mmoja aliyekuwa bado kwenye kilele chake, na George hakuwa hata mzee, alikuwa na 29.

Upande mwingine kabisa kuna San Antonio ya 2014, ambayo mi naona ndo somo kubwa kwa timu yenye wazee. Duncan 38, Ginóbili 36, Parker 32, na wakabeba ubingwa kwa kuichapa Miami ya LeBron mechi 4-1. Walifanyaje? Kwanza dakika. Msimu ule hakuna mchezaji wao hata mmoja aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mechi, na bado wakashinda 62. Pili, hela: Duncan alikuwa analipwa zaidi ya dola milioni 21 msimu wa 2011-12, uliofuata akakubali chini ya milioni 10, na hiyo ndo nafasi iliyowalipa wengine. Tatu walitafuta watu walioachwa, Danny Green alikuwa ametemwa na Cleveland, Boris Diaw alikuwa ametemwa na Charlotte, Patty Mills chaguo la 55. Na nne, hili ndo la maana zaidi, usiku wa drafti ya 2011 walimtoa George Hill, mchezaji mzuri ambaye kocha alimpenda sana, ili wapate chaguo la 15, Kawhi Leonard. Miaka mitatu baadaye ndo alikuwa mchezaji bora wa fainali akiwa na miaka 22. Hawakumuuza staa, waliuza mtu wa nne au wa tano kwenye kikosi, akiwa bado kijana mwenye soko. Timu nyingi zenye wazee zina mtu wa aina hiyo na zinamng'ang'ania mpaka mkataba unaisha.

Indiana nao siyo wa kusahaulika, walimtoa George 2017 wakachukua Oladipo na Sabonis, wakashinda 48 msimu uleule, halafu Sabonis akatolewa wakampata Haliburton 2022, halafu machaguo matatu ya raundi ya kwanza yakatumika kumleta Siakam 2024, na 2025 wakafika mechi ya saba ya fainali. Mnyororo mmoja wa tredi.

Njia hii nayo ina mitego yake. Golden State walijaribu kuwa na wazee wanaogombea ubingwa na madogo wanaokua kwa wakati mmoja, wakamchukua James Wiseman namba mbili 2020 mbele ya LaMelo Ball, na kabla miaka mitatu haijaisha akawa ameshatredishwa. Dogo anahitaji dakika za kukosea na Curry, staa wao mkongwe, hana muda wa kusubiri makosa. Ubingwa wa 2022 aliyewasaidia sana ni Andrew Wiggins, aliyekuja kwa tredi akiwa na 24, ameshakosolewa huko Minnesota vya kutosha na ameshajifunza. Kwa hiyo timu ya wazee ikipata chaguo la juu, mi ningelibadilisha haraka kwa mtu wa miaka 23 mpaka 26 anayeweza kucheza leo na bado awepo miaka sita mbele.

Mtego mwingine ni Dallas. Wamebeba ubingwa 2011 Nowitzki akiwa na 32 na Jason Kidd akiwa na 38, halafu hapohapo wakamwacha Tyson Chandler aende New York ili wabakize nafasi ya mishahara wakimbizane na mastaa wa sokoni. Mastaa hawakuja. Mpaka 2022 ndo wakashinda tena raundi moja ya mtoano. Hawakufungwa makusudi, hawakuuza mkongwe, walisubiri tu mtu wa nje aje kuwaokoa, na mi nadhani hiyo ni mbaya kuliko hata kushika mkia.

Na siku hizi kusubiri kumekuwa ghali zaidi. Toka makubaliano ya 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji kuna ule mstari wa pili wa matumizi, dola milioni 207.8 kwa msimu wa 2025-26, ukiuvuka huruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kwenye tredi moja na hata chaguo lako la miaka saba mbele linafungiwa huwezi kulitoa. Mkongwe mwenye miaka 10 kwenye ligi anaweza kudai mpaka asilimia 35 ya kikomo cha mishahara. Wawili wa hivyo na umeshafungwa mikono. Phoenix waliuvuka mstari huo na Durant, Booker na Beal, wakashinda 36 msimu wa 2024-25 bila hata mechi ya mchujo, na machaguo yao walishayatoa kwa Brooklyn walipomtaka Durant, kwa hiyo hata wangetaka kushika mkia isingewasaidia. Kabla ya kubishana kuvunja au kutovunja angalia kwanza machaguo yako yako mikononi mwa nani, kama yako kwa wengine mjadala umeisha, utacheza kushinda tu.

Kwa timu ambayo bado inayo machaguo yake na ina wazee watatu, mi ningeanza na yule wa pili kwa ukubwa, auzwe angali amebakiza misimu miwili kwenye mkataba maana hapo anayenunua anaona amepata kitu, na apelekwe kwa timu ambayo nayo inaelekea kuzeeka, siyo inayokua, ili machaguo yake ya mbele yawe na maana. Wa tatu apunguziwe dakika. Na staa mwenyewe aitwe ofisini mapema, msimu haujaanza, aulizwe kama atabaki kwa hela ya Duncan au anataka kwenda kutafuta ubingwa kwingine kama Pierce, kwa sababu jibu lolote kati ya hayo mawili timu inaweza kulifanyia kazi, ila akilitoa Julai mkataba umeshaisha hakuna tena cha kuuza.