"Mungu ameniwekea mzigo": mtu akitaka kulea mtoto kwa sababu ya imani, tumuamini?

Tangu serikali ya Kenya ianze kusukuma watoto watoke kwa makao ya watoto warudi kwa familia, kuna swali linarudi kila mara watu wa ofisi ya watoto wakikaa na watu wa kanisa. Mtu anakuja, anaulizwa mbona unataka kulea mtoto wa wenyewe, anajibu Mungu ameniwekea mzigo moyoni. Sasa afisa aandike nini hapo? Kuna wanaosema jibu hilo halitoshi, na wengine wanaenda mbele zaidi, wanasema ukisikia hivyo ndio uanze kuchunguza vizuri huyo mtu anatafuta nini.

Na hawasemi ovyo. Gregory Dow alitoka Pennsylvania akajiita mmisionari, akafungua makao ya watoto Boito kule Bomet, watoto wakaambiwa wamuite baba, kumbe alikuwa ananajisi wasichana wale wale, na 2021 mahakama ya Marekani ikamfunga miaka 15 na miezi minane. Halafu kuna Shakahola, ule msitu wa Kilifi ambako inadaiwa waumini waliambiwa wafunge kula mpaka wafe, na mhubiri wao Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa 2024 kwa mauaji ya watoto 191 (wamekana). Hiyo haikuwa kesi ya kulea watoto wa wengine, najua, lakini baada ya msitu ule mtu akikuambia Mungu amesema nami kuhusu mtoto, una haki ya kuuliza mara mbili.

Ukienda Pwani shaka ni ya zamani kuliko hiyo. Bagamoyo 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walianza kulea watoto waliokombolewa utumwani, na Freretown hapo Mombasa Waanglikana wakafanya hivyo kuanzia 1875, na wale watoto walipewa chakula, shule, jina jipya na dini mpya, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo mzee wa Kiislamu wa Kisauni akiona familia ya Kipentekoste imechukua mtoto wa jirani aliyefiwa, hana haja ya kuambiwa na mtu wasiwasi wake unatoka wapi. Sheria nayo inajua hili, ile ya 2001 ilisema ikiwezekana mtoto aende kwa mlezi wa dini yake, au mlezi aahidi kumlea katika dini hiyo, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikaitambua kafala, yaani ulezi wa Kiislamu ambapo mtoto analelewa bila kubadilishwa ukoo wake. Hapo mimi sina ubishi kabisa. Mkristo asiyeweza kumpeleka mtoto wa Kiislamu madrasa kila wiki na roho safi, asipewe huyo mtoto, hata akiwa malaika.

Lakini kuna kitu wakosoaji wanakiruka, na ni hesabu tu.

Pesa ambazo serikali hutoa kwa nyumba maskini zinazolea yatima, zile za Inua Jamii, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Elfu mbili. Na sio kwa kila mtoto, ni kwa nyumba, hata kama ndani kuna watoto wanne. Gawanya kwa siku 30, unapata kama shilingi 66 kwa siku, yaani pakiti ya maziwa ya nusu lita na imeisha, bado hujafika kwa unga, bado sare ya shule, bado usiku ule mtoto ana homa unatafuta bodaboda. Na hizo 66 ni za nyumba iliyobahatika kuingia kwa orodha, mtu wa kawaida anayemchukua mtoto kupitia ofisi ya watoto hategemei mshahara wowote mwisho wa mwezi. Linganisha na Uingereza, ambapo serikali inaweka kiwango cha chini cha kumlipa mlezi, na kwa mtoto mdogo kinapita pauni 150 kwa wiki, yaani zaidi ya 20,000 za kwetu kila wiki. Hata huko wanalia walezi hawatoshi. Sasa niambie, Kenya ambako kuna watoto zaidi ya 40,000 kwa makao, na 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mpango wa taifa unasema kufikia 2032 watoto hawa wawe kwenye familia, ni kitu gani kitamfanya mama wa Kitengela mwenye watoto watatu wake akubali wa nne asiyemjua? Huruma ipo, sikatai. Lakini huruma ya picha ya mtoto analia inadumu wiki moja. Ukiondoa imani kwa fomu kama sababu isiyofaa, unabaki na watu wangapi kwenye foleni?

Nikisema imani simaanishi tu ile sauti ya kumpeleka mtu ofisini. Hiyo ndio sehemu dhaifu, na wakosoaji wanaipiga vizuri. Mimi naangalia mwaka wa pili na wa tatu. Mtoto aliyepitia mambo mazito haji na shukrani, anakuja na godoro lenye mkojo kila asubuhi, anaficha chapati chini ya nguo mpaka zinaota ukungu kwa sababu mwili wake haujaamini kwamba kesho kuna chakula, anamuita mlezi mama Jumatatu na Jumatano anamwambia wewe sio mama yangu. Jirani anasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na wewe hata mimba hukubeba, mrudishe tu. Wakati huo mtu anayeona hii ni ibada, kwamba alichokubali hakikuwa na sharti la kupendwa, ana mahali pa kusimama. Sisemi asiye na dini hawezi, wapo wanaoweza na nawaheshimu. Nasema tu mfumo usiolipa mtu unahitaji watu wenye sababu ambayo haiishi pesa zikiisha.

Kitu kingine ni macho. Watu wanaogopa mtoto atapotelea ndani ya nyumba ya mtu, atafanywa mfanyakazi wa kuosha vyombo wenye nyumba wakienda kazini, na afisa wa watoto wa kaunti ndogo ana mafaili hadi kwa dirisha, gari mara ipo mara haina mafuta. Sawa. Sasa chukua familia ya Kikatoliki iliyo kwenye jumuiya ndogo ndogo. Jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba, wiki hii kwa Mama Njeri, ijayo kwa Baba Otieno, watu kumi na kitu wanaingia sebuleni, wanakaa, chai inaletwa, na kila mtu anaona ni nani ameileta na anafanana vipi. Mtoto aliyekonda anaonekana. Mtoto ambaye hapo mbele alikuwa anacheza na leo amejificha jikoni anaulizwa. Hakuna bajeti ya serikali inayoweza kununua hiyo, na hilo pia ndilo lililokosekana Boito, manake pale ilikuwa boma la mtu mmoja mwenye pesa za kutoka ng'ambo na hakuna jirani aliyekuwa sawa naye wa kumuuliza kitu.

Kwa hiyo mtu akisema ni Mkristo mimi ningemuuliza, Mkristo wa wapi, na nani huingia nyumba yako katikati ya wiki? Anayehama kanisa kila miezi sita akitafuta nabii, au aliyejifungulia huduma yake sebuleni na yeye ndiye mchungaji, mwenyekiti na mhasibu, huyo ana imani lakini hana macho ya kumuangalia, na ndiye wa kuogopwa.

Kuna tatizo jingine na hili linaniuma zaidi kwa sababu linatoka kwa watu wazuri. Ule mkojo wa usiku, badala ya daktari au mshauri, unaitiwa maombi. Mtoto analazwa chini, watu saba wanamshika kichwa wanakemea pepo, na tayari alikuwa anaogopa watu wazima. Au mlezi ameishiwa kabisa, anaona aibu kusema, manake alishuhudia mbele ya kanisa zima kwamba Mungu atatoa, sasa atasimamaje kusema Mungu hajatoa bado naomba unga? Hapa wakosoaji wana haki yote, na kanisa linalohimiza watu kuchukua watoto bila kuwapa walezi mahali pa kusema nimechoka, linawatupa watoto na walezi wao pamoja.

Halafu tusisahau kwamba wengi wa watoto walio kwa makao sio yatima wa pande zote. Hesabu inayotajwa sana duniani ni kwamba wanne kati ya watano wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na asiye na mzazi mara nyingi ana nyanya au shangazi mahali. Umaskini ndio uliwapeleka huko. Yakobo 1:27, ule mstari unaobandikwa kwa mageti ya makao yote, unataja yatima na mjane pamoja, lakini sisi tumejenga mabweni ya yatima na mjane tukamwacha kijijini, wakati pengine karo ya mwaka na mbuzi wawili vingemwezesha kukaa na mtoto wake. Kulea mtoto wa mwingine, hata kwa imani safi namna gani, kungefaa kuja baada ya hapo.

Na hapa ndipo pesa za kanisa zinagoma. Harambee ya bweni inajaa, ina jiwe la msingi, ina jina la mfadhili, askofu anakata utepe. Harambee ya nauli ya nyanya kutoka Vihiga aje kumchukua mjukuu wake haina utepe. Kama kuna mtu wa kubanwa maswali kuhusu imani yake, mimi ningeanza na kamati ya ujenzi, yule mama wa Kitengela aliyejaza fomu akae kwanza anywe chai.