Isotopu za hidrojeni tunazo hapa hapa ziwani, kwa nini watoto wanakaririshwa tu?

Juzi jioni mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuwa kakaa barazani hapa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, anakariri kwa sauti isotopu za hidrojeni, yaani aina zake zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni tu, zile chembe zisizo na chaji katikati ya atomu: protiamu, deteriamu, tritiamu, protiamu, deteriamu, tritiamu, kama anaimba vile. Nikamuuliza hiyo deteriamu inapatikana wapi, akaniambia "Mjomba, mwalimu hajasema, ila nyutroni inayo moja."

Nyutroni moja ni sahihi kabisa, na sina ugomvi na mwalimu wake, ila iliniuma, maana dirishani kwetu unaliona ziwa lote.

Nikamwonyesha ndoo ya lita 20 iliyotoka kuchotwa, nikamwambia humu ndani ukiyakusanya maji yenye deteriamu yanazidi kidogo kijiko cha chai. Hidrojeni nyingine karibu yote ni protiamu, ile ya protoni peke yake bila nyutroni, zaidi ya asilimia 99.9. Alichungulia ile ndoo muda mrefu sana aisee.

Sasa hapa ndo Kigoma tuna bahati ambayo hatuitumii. Maji mengi yanayoondoka Tanganyika hayapiti mtoni, Lukuga kule upande wa Kongo unabeba kidogo tu, mengine yote yanakauka na jua, na jua likipiga, maji mepesi ndo yanatangulia kupanda hewani, yale yenye deteriamu yanachelewa, kwa hiyo miaka na miaka ziwa limebaki na deteriamu nyingi kuliko mvua inayoliingia. Tofauti ni ndogo, huwezi kuionja, ila mashine inaiona. Na Harold Urey kule Marekani mwaka 1931 deteriamu aliigundua kwa njia inayofanana na hiyo hiyo, yeye na wenzake waliacha hidrojeni ya kimiminika ipungue pole pole ikabaki kidogo sana, wakapima yale mabaki wakaikuta imejikusanya. Mwaka 1934 akapewa Nobel. Yaani kazi ile jua letu linaifanya kila siku mbele ya watoto wanaoenda shule na sisi tunawapa wimbo wa kukariri!

Tena maji mazito matupu, yaani yale ambayo hidrojeni yake yote ni deteriamu, yanaganda kwenye nyuzi 3.8, na barafu yake ukiitia kwenye maji ya kawaida inazama. Mtoto anayeona wenye samaki wakibeba mabonge ya barafu kila asubuhi, mwambie kuna barafu inayozama, uone kama atasahau.

Tritiamu yenyewe, ile ya nyutroni mbili, ni adimu mno na haidumu, kila miaka 12 na kidogo nusu yake inakwisha. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 50 na mwanzoni mwa 60 yaliijaza kwenye mvua ya dunia nzima, kwa hiyo wataalamu wakipima maji ya kisima au ya chini kabisa ziwani wakakuta haimo, wanajua maji hayo hayajachanganyika na mvua za baada ya hapo.

Mimi naomba walimu wa kemia wa mkoa huu kipindi hicho kimoja wakifundishie ufukweni, hakuna gharama, ni kutembea tu.

Mpwa wangu aliniuliza swali moja kabla hajaingia ndani, "kwa hiyo maji ya mvua na ya ziwa hayafanani?" Nikamjibu hayafanani. Akachukua penseli akaliandika pembeni ya daftari, chini ya yale majina matatu.