Kipande kidogo, mashine kubwa: karakana ya Tanga inunue kerezo gani?

Kipande chenyewe kinatosha kwenye kiganja. Ni shina la vali ya bomba la maziwa, la stenlesi, urefu milimita 40, unene 20 upande mnene na 12 upande mwembamba. Ncha moja ina hesi, ncha ya pili ina bapa mbili za kushikia spana, na kati yake kuna tundu la milimita 4 ambalo halipiti katikati ya shina, limesogea pembeni kidogo. Asiyejua kazi ataona ni kitu cha nusu saa. Fundi atauliza kwanza: kitashikwa na kuachwa mara ngapi?

Swali hilo limewagawa mjomba na mpwa wake wenye karakana ya kukereza vyuma huku Ngamiani. Wameanza kupata oda za kudumu za vipande vidogo vya namna hii, vya vali, pampu na mashine za kusindika, na wameamua kununua mashine moja ya CNC, inayoongozwa na kompyuta, itakayojilisha shafti, yaani chuma kirefu cha duara, na kuendelea kufanya kazi hata mafundi wakienda kulala. Mpwa anataka mashine ya kukereza na kuchonga yenye mihimili mitano, yaani njia tano za kusogeza au kugeuza kikatio na kipande, ile ambayo kichwa chake cha kikatio kinainama. Mjomba anataka kerezo la spindeli mbili, yaani vichwa viwili vya kuzungusha kipande, lenye mhimili wa Y, asiongezewe kitu. Wameniita niwasaidie kuamua kwa kuwa nimefanya kazi na mashine za aina zote mbili. Mabishano yao yana faida kwa yeyote mwenye karakana, ndiyo maana nayaandika.

Tuanze na jinsi shina hilo linavyotengenezwa leo. Fundi analifunga kwenye chaki, zile taya za kerezo zinazoshika kipande, anakereza upande mmoja na kukata hesi. Analifungua, analigeuza, analifunga tena, anakereza upande wa pili. Analipeleka kwenye mashine ya milingi kuchonga bapa, kisha kwenye keekee kupekecha tundu. Mara nne kipande kimeshikwa, na kila mara kimeshikwa kwa mkono wa mtu, kwenye taya zilizobeba uchafu kidogo au zilizochakaa kidogo. Makosa ya kila mshiko yanarundikana juu ya mengine. Ukipima mwishoni, tundu halipo pale mchoro unaposema, na hakuna hata fundi mmoja unayeweza kumwambia kwamba alikosea.

Sasa angalia kila mhimili unaondoa nini. Kerezo la kawaida lina X, kikatio kwenda ndani na nje, na Z, kwenda mbele na nyuma. Weka kwenye tareti, ile sahani inayogeuka ikibeba vikatio, vikatio vinavyozunguka vyenyewe, na spindeli iweze kusimama kwenye pembe yoyote unayoiamuru, hiyo ndiyo C, bapa mbili zitachongwa kipande kikiwa palepale. Ongeza Y, kikatio kupanda na kushuka kutoka usawa wa katikati, na lile tundu la pembeni linapekechwa bila kufungua chaki. Ongeza spindeli ya pili inayosogea mbele, inashika kipande huku kikizunguka, kinakatwa, na upande wa nyuma unamaliziwa huko. Mishiko minne imekuwa mmoja, na makabidhiano mamoja kati ya spindeli mbili zinazozunguka kwa mwendo mmoja.

Shina la vali limekwisha, na bado hatujahitaji B.

B ni ule mhimili unaoinamisha kichwa cha kikatio. Unauhitaji tundu likiwa na mlalo, tuseme nyuzi 30, au uso wa kipande ukiwa umepinda kama bawa la pampu. Mjomba alileta faili la michoro, tukalipitia ukurasa kwa ukurasa juu ya benchi. Michoro yenye tundu la mlalo ilikuwa mitatu tu katika faili zima, na yote mitatu ina pembe isiyobadilika, ambayo kishikizo cha kikatio kilichopindwa kwa pembe hiyo kinaweza kuifanya kwenye tareti ya kawaida. "Mwanangu," mjomba akamwambia, "mimi mkopo nalipa kwa vipande, silipi kwa pembe."

Mpwa hakunyamaza, na alichosema kina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kwanza, alisema, kazi za pembe hazipo kwenye faili kwa sababu hakuna anayethubutu kutuletea, zinaagizwa nje. Hilo linaweza kuwa kweli, lakini benki haikopeshi kwa oda ambazo hazijafika. Hoja yake ya pili ndiyo iliyonikalisha chini. Mashine ya B ina ghala la vikatio, mara nyingi makumi ya vikatio, na mkono unaobadilisha wenyewe. Tareti ya kerezo huwa na vituo 12 au 16, na spindeli mbili zinagawana vituo hivyo. Oda ikiwa vipande 20 vya hiki leo na 30 vya kile kesho, mwenye tareti atatumia asubuhi nzima kufungua vishikizo, kufunga vingine na kupima upya kila ncha. Mwenye ghala ataita programu nyingine na kuendelea. Tena ghala linabeba vikatio pacha: insati, ile ncha ya kukatia inayobadilishwa, ikifikisha idadi ya vipande iliyopangiwa, mashine yenyewe inachukua pacha wake. Kwa kazi ya usiku kwenye stenlesi, inayolemaza insati haraka, hiyo ni nguvu ya kweli. Mtu akinunua mashine ya mihimili mitano kwa sababu ya ghala lake, nitamwelewa kuliko anayeinunua kwa sababu ya pembe.

Lakini ghala lina bei yake kwenye saa. Kila ubadilishaji wa kikatio unakula sekunde kadhaa, wakati tareti inageuka kituo kwa kituo chini ya sekunde moja au karibu na hapo. Kipande cha dakika tatu chenye vikatio kumi kinaweza kupoteza zaidi ya nusu dakika kwa kubadilisha tu. Tena kichwa cha B ni kimoja: kikiwa kwenye spindeli ya kwanza, ya pili inasubiri, isipokuwa mashine iwe na tareti ya ziada chini, na hapo bei inapanda tena. Kerezo la spindeli mbili na tareti mbili hukata pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa vipande 1,000 vya aina moja, mjomba anashinda.

Hapa ndipo hesabu ya shafti inapoingia, na ndiyo iliyokuwa imesahauliwa na wote wawili. Shafti ya mita 3 inaingia kwenye kilishio, kifaa kinachoisukuma ndani ya mashine. Kila shina ni milimita 40, kisu cha kukatia kinakula 3, na kipande cha mwisho cha milimita 200 hivi hubaki hakina pa kushikwa. Unapata mashina 65. Kwa dakika tatu kila moja, shafti moja ni saa tatu na robo. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, shafti nne zinatosha, na asubuhi unakuta mashina kama 240 kwenye kapu. Hiyo ndiyo maana ya mashine kujiendesha, na haihitaji roboti wala mkono wa kupakua.

Ila shafti hiyo imetoka wapi? Tulichukua moja ya milimita 20 iliyonunuliwa Gerezani, Dar es Salaam, tukaifuta mafuta na kuipima kwa maikromita sehemu sita. Hapa 20.04, pale 19.91, na ukiizungusha mahali pamoja namba inabadilika, maana yake si duara kamili. Kwa kerezo la mkono haidhuru, fundi anaondoa ngozi ya juu na kuendelea. Kwenye mashine inayojilisha, koleti, kile kishikio cha shafti, inashika unene mmoja. Shafti nene kidogo inakwama, nyembamba inateleza, na mashine inasimama saa saba usiku hakuna wa kuiona.

Ndiyo maana niliiondoa mapema aina ya tatu iliyotajwa na muuzaji, kerezo la Kiswisi. Aina hiyo ilizaliwa karne ya 19 kwenye milima ya Jura kwa ajili ya vipuri vya saa, na mpaka leo watengenezaji kama Tornos, Citizen na Star wanaitengeneza kwa ustadi mkubwa. Shafti inapita ndani ya bushi ya kuongozea iliyo karibu kabisa na kikatio, hivyo hata kipande kirefu na chembamba hakipindi. Lakini bushi hiyo inadai shafti iliyosagwa, unene wake usitofautiane zaidi ya mikroni (sehemu za elfu za milimita) chache kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpya nyingi zinaruhusu kuiondoa bushi, sawa, lakini hapo umelipia kitu ukakiweka kabatini. Shina letu ni fupi na nene. Haliihitaji.

Maranda nayo. Stenlesi haikatiki vipande vifupi, inatoka kama nywele ndefu, inajiviringisha kwenye chaki na kuziba njia ya kipande kinachokwenda spindeli ya pili. Mashine yoyote watakayochagua ije na pampu ya maji ya kupozea yenye shinikizo kubwa, la baa 70, inayovunja maranda pale pale yanapozaliwa. Fedha ya pampu hiyo ni bora kuliko fedha ya mhimili mmoja zaidi. Nasema hivyo bila kusita.

Tanga ina mambo yake pia. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, kwa hiyo hewa ya kompresa lazima ikaushwe kabla haijaingia kwenye vali za mashine. Joto la alfajiri na la saa tisa mchana linaweza kupishana nyuzi 8. Parafujo ya chuma ya nusu mita inayosogeza kikatio hurefuka karibu mikroni 47 kwa tofauti hiyo, na tolaransi, yaani kosa linaloruhusiwa, ya tundu la shina letu ni ndogo kuliko hapo. Chumba kifungwe, kiwe na kiyoyozi, na mashine izungushwe tupu dakika ishirini kabla ya kipande cha kwanza. Mashine nyingi za Japani zinataka volti 200 za fezi tatu, wakati zetu ni 400, hivyo bei ya transfoma iingie kwenye hesabu tangu siku ya kwanza. Umeme ukikatika kikatio kikiwa ndani ya kipande, kerezo la tareti fundi hulirudisha mwenyewe taratibu. Kichwa cha B kilichoinama ndani ya kazi ni kitendawili kingine, na kukitoa vibaya ni kukivunja.

Mpwa alikuwa na njia ya kupunguza bei: kuagiza iliyotumika kutoka Japani, kama tunavyoagiza magari. Hapo nilimkatalia moja kwa moja. Mashine nyingi za mihimili mitano zimo kwenye orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa na makubaliano ya Wassenaar, ya nchi zinazodhibiti uuzaji nje wa silaha na teknolojia yake, kwa sababu zinaweza kutengeneza vipuri vya silaha. Baadhi ya watengenezaji huzifunga kifaa kinachotambua kuwa zimehamishwa, na mashine ikishawekwa mahali papya haiwaki mpaka wao wenyewe waifungue. Unaweza kulipa, ukasafirisha, ukateremsha bandarini, ukabaki na chuma cha tani kadhaa kisichozungusha hata chaki.

Jambo ninalolijali kuliko yote ni watu. Mji huu umelelewa na ufundi. Reli ilianza kujengwa hapa 1893, mwaka ule ule miche ya mkonge ilipoingia nchini, na tangu hapo kumekuwa na karakana za kutengeneza vipuri vya treni na vya korona, mashine za kuchakata mkonge. Wazee waliofundishwa humo ndio waliomfundisha mjomba. Leo karakanani kwake kuna binti aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA ambaye anaandika programu ya kerezo palepale kwenye kioo cha mashine, mstari kwa mstari, na anajua kila mstari unafanya nini. Kwa spindeli mbili na Y ataendelea hivyo, akijifunza kupanga zamu za tareti zisigongane. Mashine ya B mara nyingi haiandikiwi hivyo. Inataka programu ya kompyuta ya kuchora njia za vikatio, leseni yake, na faili la kutafsiri lililotengenezwa kwa mashine hiyo hiyo, na kila kazi ijaribiwe kwanza kwenye picha, kwa sababu kugonga kichwa kile mara moja ni kusimamisha karakana kwa wiki au miezi. Ataweza, sina shaka naye. Lakini mwaka wake wa kwanza utakwenda kwenye kujifunza huku mkopo ukidai.

Kwa hiyo nimemuunga mkono mjomba: spindeli mbili, Y, tareti mbili kama fedha inaruhusu, kilishio cha mita 3, pampu ya baa 70, na insati mpya zifungwe kila jioni kabla ya kazi ya usiku. Nimemwambia mpwa wazi ni lini atakuwa sahihi: oda zikiwa chini ya vipande hamsini na kila siku sura mpya, au mteja akisaini mkataba wa kazi za pembe. Siku hiyo nitabadilisha kauli.

Amelichukua faili nyumbani, safari hii anahesabu ukubwa wa oda badala ya pembe. Mjomba anatafuta shafti iliyovutwa baridi, yenye unene unaoaminika. Nimewaomba wote wawili wasitoe arbuni kabla muuzaji hajalikata shina hili la vali mbele yao, kwa shafti yao wenyewe, vipande 65 mfululizo, bila mtu kugusa mlango wa mashine.