Mchoraji Ajifunze Kuchapa Mapema

Ushauri wa kwanza anaopewa mchoraji mchanga ni kutafuta mtindo wake. Kwangu mimi, huko ni kumharakisha. Akae kwanza miaka miwili mitatu kwenye karakana ya uchapaji, panapochongwa picha kwenye kipande, kikapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi. Mtindo utamfuata humo humo.

Kwenye turubai, kosa hufunikwa kwa rangi nyingine. Linoleamu, kipande laini kinachochongwa kwa patasi ili kuchapia, haina huruma hiyo. Chukua chapa ya rangi nne inayotoka kwenye kipande kimoja: unachapa rangi nyepesi, unachonga sehemu zitakazobaki na rangi hiyo, unachapa ya pili juu yake, unachonga tena. Ukishachonga, hatua iliyopita hairudi, kwa hiyo karatasi zote lazima zipite kila hatua kwa pamoja. Anayetaka nakala 20 aanze na karatasi 26 hivi, kwa sababu kadhaa zitaharibika kwa rangi kutokaa mahali pake. Mtu aliyezoea hesabu hiyo hushika brashi akiwa ameshajua mwanga utabaki wapi.

Makosa ya wanaoanza yanajulikana. Patasi ikiingia chini ya mstari badala ya kuacha ukingo wenye mteremko, mstari mwembamba hukosa msingi na kuvunjika mashine inapokandamiza. Wino ukizidi, mikato midogo hujaa na picha hufifia. Sikiliza rola: wino wa kutosha hutoa mlio mwepesi wa kunata, ukisikia mlio mzito wa majimaji, punguza. Na maandishi yachongwe kinyume. Hili husahauliwa hata na wazoefu.

Sahani ya shaba, ambayo wino wake hukaa ndani ya mifereji iliyochorwa juu yake, nayo ina adabu yake. Kingo zake zipigwe tupa hadi zilale, la sivyo zitakata karatasi na blanketi za mashine, vitambaa vizito vinavyokandamiza karatasi. Karatasi iloweshwe, kisha ikaushwe juu juu hadi ising'ae: ikiwa kavu haitaingia kwenye mifereji kuvuta wino, ikiwa na maji mengi itaukataa. Mistari iliyokwaruzwa kwa sindano bila asidi huchakaa haraka, wakati mwingine kabla ya nakala ya 20, kwa hiyo usiahidi toleo, yaani jumla ya nakala za chapa moja, la nakala 50.

Upande wa kazi ya kuuza, hapa ndipo wengi hujiharibia. Picha ya turubai iliyopigwa kamera na kutolewa kwenye printa, kisha ikapewa namba na sahihi, haitoki kwenye mkono wa mchapaji. Iuzwe kwa jina lake: nakala ya picha. Chapa halisi huandikwa kwa penseli chini ya picha: 7/20 kushoto, yaani nakala ya saba kati ya 20, sahihi kulia. Nakala za msanii, zile anazobaki nazo nje ya hesabu hiyo, kwa desturi zisizidi kama asilimia 10 ya toleo. Toleo likiisha, kipande kikwaruzwe mstari wa kukiua ili kisichapiwe tena, na daftari lionyeshe tarehe, aina ya karatasi, wino na kila namba ilikokwenda.