Meya na mkono wake mmoja

Kila baraza la mji hapa Uganda linapokwama, lalamiko ni lile lile: meya tumemchagua mji mzima, mbona kikaoni mkono wake ni sawa na wa diwani wa wadi moja? Apewe kura ya uamuzi, zikilingana akate shauri.

Lalamiko hilo si la bure. Katika mji kama Malaba, mitaro ikiziba anayetukanwa stendi ni mwenyekiti wa mji, ndiye meya wao, diwani hata jina hatajwi. Na miji mingi midogo ya Marekani ina utaratibu wa namna hiyo: meya hapigi kura mpaka zilingane.

Ila tufanye hesabu. Kwetu kikao huongozwa na spika. Meya ameketi na wenzake na mkono ananyanyua. Tuseme baraza lina watu 12, na hoja ni kupandisha ushuru wa meza za nyanya sokoni. Mikono 6 huku, 6 kule, mmojawapo ni wa meya. Mpe kura ya pili, zinakuwa 7 kwa 6. Kura 13, watu 12! Huyo wa 13 alichaguliwa na nani? Hata Bungeni, Ibara ya 89 ya Katiba ya 1995 imemnyima anayeongoza kikao kura ya kawaida na ya uamuzi pia. Zikilingana, hoja imeanguka. Hoja ya meza ikianguka, mama wa nyanya kesho analipa kile alicholipa jana. Anayetaka kumpandishia akashawishi mtu mmoja zaidi. Mmoja tu, jamani.

Meya wa Marekani angalau hahesabiwi mara mbili, lakini anaweza kumaliza mwaka bila kuonyesha msimamo wake. Wa kwetu mkono wake tunauona.

Tena nguvu yake haiko kwenye kura. Ndiye anayependekeza majina ya kamati ya utendaji, na mengi hupikwa humo kabla madiwani hawajayanusa. Erias Lukwago alichaguliwa meya na Kampala nzima mwaka 2011; Novemba 2013 madiwani wakapiga kura ya kumng'oa. Kura hazikulingana hata kidogo, ya uamuzi ingemfaa nini? Mwaka 2016 wapiga kura wakamchagua tena.

Na barabara ikichimbika, malipo ya changarawe bado yanangoja saini ya karani wa mji, mtendaji mkuu asiyechaguliwa kwa kura.