Kufuli la Kubana Matumizi

Jamani, serikali imebana matumizi, na aliyebanwa ni mimi.

Hapa kisiwani kwetu Ssese, ndani ya Ziwa Victoria, Uganda, tulikuwa na ofisi ya vyombo vya majini. Ofisi kwa jina tu: chumba kimoja, meza, feni isiyozunguka na ofisa mmoja mwenye futikamba. Unamfuata asubuhi na ndala zako, mnashuka wote mwaloni, anapima boti, anahesabu majaketi, anagonga muhuri. Saa nne uko kwenye chai.

Juzi nakuta kufuli. Karatasi mlangoni inasema ofisi imefungwa kuokoa fedha za umma, huduma zimehamia Kampala. Kampala wapi? Mbuzi aliyelala barazani alikuwa ameshaitafuna anwani.

Fedha za umma! Kwani mimi si umma? Bunge lilipopitisha 2024 kwamba mamlaka ya kahawa irudishwe wizarani, nilisema hewaa, wabane. Mimi sinywi kahawa.

Sasa sikia. Ssese tuna visiwa 84, na Kampala haimo hata kwenye kimoja. Meli ya asubuhi kutoka gati letu la Lutoboka inakula zaidi ya saa tatu kufika Nakiwogo, gati la Entebbe, na saa nane mchana inageuza. Saa hiyo mimi bado nimo kwenye teksi ya Entebbe, goti la jirani mbavuni, kuku wake ananikodolea macho kama ananidai. Basi lazima nilale. Gesti, rolex ya jioni, ile chapati ya kuviringishia mayai, rolex ya asubuhi, na boda aliyenishusha kwenye jengo ambalo silo. Nilipiga hesabu nyuma ya tiketi: kodi ya kile chumba cha mbuzi ningeilipa mwenyewe mwezi mzima, na chenji ingebaki.

Kijana wa kaunta alinipokea vizuri, hilo simnyimi. Akauliza, "Mzee, boti yenyewe iko wapi? Ya kuvulia lazima tuione imefika futi 28."

Iko ziwani, mwanangu. Ulitaka niipakie kwenye boda?

Na bila karatasi yenye muhuri siingii majini. Wanajeshi walioletwa kulinda ziwa 2017 hawana utani na boti fupi.

Akanong'onezana na mwenzake, akarudi anatabasamu. Ofisa anaweza kuja kisiwani kupima, mradi nigharamie nauli, chakula na malazi ya siku mbili.

Nikamwambia nauli nitakopa, sato tutamkaangia. Malazi yapo ya bure: kuna chumba kina meza na feni, amwombe tu mbuzi asogee.